Ombi la Kuwapokea Wanajoka Katika Meza ya Kitui

Soko la Nunguni,
Kilungu.
14 Februari 1988

Kwa Mwalimu Elijah Mutie,
Msimamizi wa Kanuni, Meza ya Kitui.

Mjomba Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUONGEZA JAMII YA WANAJOKA KATIKA KANUNI ZA MCHEZO WA SAFARI

Kwa heshima inayostahili umri wako na cheo chako, mimi mpwa wako Josephat Musembi naandika barua hii nikiwa na dhamira moja, nayo ni kukuomba uidhinishe jamii ya nne ya mashujaa katika mchezo wetu. Kabla sijalifikia jambo lenyewe, ni wajibu wangu nikujulishe hali ya nyumba.

Mama, dada yako, hajambo, isipokuwa goti la kushoto. Anasema nikukumbushe kwamba goti hilo liliharibika kwa kukupandisha mlima ulipokuwa mtoto mnene. Mahindi ya mvua ya Novemba tumevuna ya kutosha, na matuta ya shamba la juu hayakubomoka. Kazi yangu ya kuwaandikia watu barua inaendelea. Mwezi uliopita nilichapa maombi tisa, sita kwenda kwa chifu, mawili kwa kamati ya maji, na moja la mwanamke anayeomba jirani yake aamriwe kumfunga jogoo.

Sasa nalifikia jambo. Itakumbukwa kwamba sanduku la mchezo liliachwa nyumbani kwako mwaka wa 1979 na mwalimu wa kujitolea aliyefundisha sayansi katika shule uliyoiongoza, aliporejea kwao. Itakumbukwa pia kwamba wewe ndiwe uliyezitafsiri kanuni kwa Kiswahili, ukatuchapia kwa stensili na kutufundisha: kwamba mmoja huwa Msimulizi, naye hueleza nchi, hatari na watu wanaokutwa njiani, kwamba kila mchezaji hujitungia shujaa na kumsemea, na kwamba palipo na shaka, dadu huamua. Kwa mujibu wa Kanuni ya 3, shujaa anaweza kuwa wa jamii mojawapo kati ya tatu, yaani Watu wa Bonde, Wachimbaji au Watu wa Msitu. Kwa mujibu wa Kanuni ya 14, uliyoiongeza mwaka wa 1984, joka ni adui na hachezwi na mtu yeyote.

Naambatisha kurasa sita zinazoeleza jamii inayoombewa. Wanajoka hutembea kwa miguu miwili. Wana magamba na hawana mabawa. Pumzi yao hufuata mahali walipozaliwa: wa milima ya baridi hutoa ukungu unaopofusha, wa nyika hutoa vumbi, na wa vilima vya mawe meusi hutoa moto. Mwanajoka akishatoa pumzi hawezi kuitoa tena mpaka anywe maji, na maji anayokunywa ni mara mbili ya mtu wa kawaida. Akiingia mji asiojulikana, Msimulizi hurusha dadu kuona kama atafunguliwa mlango.

Kurasa hizo hazikutungwa na mimi. Zimetungwa na mchezaji wa meza yetu ambaye unamfahamu, na ambaye ameniomba nisimtaje kwa sasa. Amesema kwamba katika mkutano wa meza zote mbili, utakaofanyika nyumbani kwako Desemba, atakuja akiwa Mwanajoka au hatakuja kabisa. Tumejaribu kumbadilisha nia tukashindwa, nami nisingependa akose kuwepo.

Naomba uamuzi wako.

Wako mtiifu,
Josephat Musembi,
Msimulizi, Meza ya Kilungu.

Nakala:
Bw. Abdulatif Salim, Meza ya Kitui.
Katibu, Kikao cha Wazee wa Kanisa, Kitui (kwa taarifa).
Faili.

* * *

Kitui,
20 Machi 1988

Mpwa wangu Musembi,

Barua yako ilifika pamoja na viambatisho. Sisi tuko salama. Mama wa nyumba hii alikuwa na homa kwa wiki mbili, na sasa anatembea hadi kanisani bila kushikwa. Mvua haijaonekana. Tumepanda katika udongo mkavu kama kawaida, tukingoja. Mwambie dada yangu kwamba sikuwa mnene. Nilikuwa nimevalishwa nguo nyingi.

Abdulatif alikuja na nakala yake Jumamosi, akaisoma kwa sauti kabla hatujaanza mchezo, akiwa na tepu ya kupimia nguo shingoni.

"Mwalimu," akasema, "huyu mpwa wako anaandika kama mtu anayemwomba Gavana wa Mwingereza kiwanja."

Mkewe Hasina akamwambia, "Mwache. Wewe hata barua ya posa uliandikiwa."

Basi mchezo ukachelewa.

Nimezisoma kurasa sita mara mbili. Nina pingamizi tatu, nazo ni za kiufundi. Ya kwanza ni pumzi. Shujaa wa daraja la kwanza mwenye uwezo wa kuangusha maadui watatu kwa mkupuo atamfanya kila mchezaji atake kuwa Mwanajoka, na Watu wa Bonde watabaki bila mtu wa kuwacheza. Ya pili ni magamba. Haikuelezwa kama Mwanajoka anavaa pia deraya juu ya magamba, na kama anavaa, hakuna upanga utakaomfikia. Ya tatu ni ukoo. Katika kanuni zangu kila jamii ina koo zake, maana shujaa asiye na ukoo hana pa kuzikwa wala mtu wa kumlilia, na Msimulizi hajui ampelekee nani habari zake. Nafasi hiyo katika ukurasa wa pili imeachwa tupu.

Vilevile nimeambiwa kwamba dadu yenu ya pande ishirini mlichongewa na fundi, na kwamba huangukia saba kuliko namba nyingine. Majaribio yoyote yaliyofanywa kwa dadu hiyo sitayahesabu.

Kuhusu mtungaji, hukumtaja nami sikuulizi. Nimeuona mchoro wa ukurasa wa nne. Magamba ya mkono yamechorwa yakielekea juu, kinyume cha samaki. Ninamjua mtu mmoja tu anayeyachora hivyo. Kanuni ya 14 ina sababu zake, na sioni haja ya kuzirudia.

Mjomba wako,
E. Mutie.

* * *

Kilungu,
17 Aprili 1988

Mjomba Mheshimiwa,

YAH: MAJIBU YA PINGAMIZI TATU

Natumaini homa haikumrudia mkaza-mjomba. Hapa mvua imekuja kwa nguvu, na barabara ya kushuka Salama imekatika mahali pawili. Mama amesikia maelezo yako kuhusu nguo, na amesema anao mashahidi.

Pingamizi zako zimejadiliwa mezani nasi tunazijibu kwa unyenyekevu. Pumzi imepunguzwa. Katika daraja la kwanza itahesabiwa kwa dadu moja ya pande sita, na itamfikia adui mmoja. Magamba yatahesabiwa sawa na koti la ngozi, na Mwanajoka hataruhusiwa kuvaa deraya yoyote, kwa kuwa humbana asipate pumzi. Kanuni hizi tumezijaribu katika vikao vinne kwa kutumia dadu za pande sita pekee, ambazo ni za dukani. Katika kikao cha tatu tulivuka nyika tukiwa na viriba viwili vya maji. Nzilani, ambaye ni nesi wa zahanati yetu na humcheza mtu wa Bonde, alilalamika.

"Huyu joka wako anakunywa kama lori," alimwambia mwenzake. "Tutafika mtoni tukiwa mifupa."

"Basi niacheni nyuma. Nikifa, mnifukie karibu na maji."

Muli, fundi wa mawe, akasema, "Kumfukia ni hasara. Magamba hayo tungeezekea paa."

Mwanajoka alikufa siku hiyo, na mtu wa Bonde akafika. Kwa hiyo hofu yako kwamba jamii hii itazimeza nyingine haina msingi.

Kuhusu ukoo, mtungaji ameiacha nafasi hiyo tupu kwa makusudi. Amesema kwamba mtu hajipi ukoo, huupata kwa baba, na kwamba si kazi yake kuijaza.

Sasa ameniruhusu nimtaje, ingawa umeshamtambua. Ni Mwangangi, mwanao. Alikuja kwetu Agosti mwaka jana akitokea Mbumbuni, na kabla ya hapo alikuwa Kasikeu. Yeye na Muli huwajengea akina mama wa vikundi matangi ya saruji ya kukinga maji ya mvua. Ana afya, na analala katika chumba nilichokuwa nikiwekea karatasi. Sikukujulisha mapema kwa sababu aliniomba nisikujulishe. Hilo ni kosa langu nami nalikiri.

Mimi sikuwepo siku ile ya mwaka wa 1984, mwaka wa njaa ya mahindi ya manjano. Ninachokijua ni kwamba alikuwa ametunga jamii hii katika daftari, na kwamba baada ya yule mhubiri mgeni kufundisha juu ya joka wa Ufunuo, ulilichukua daftari hilo mbele ya wachezaji ukalitia katika moto wa jikoni. Kesho yake aliondoka. Tangu hapo hajakuandikia wala hajaandikiwa. Kurasa sita nilizokuletea ameziandika upya kwa kukumbuka.

Mjomba, Januari ataondoka kwenda Lodwar kujenga matangi kwa mkataba wa miaka mitatu. Asipofika Kitui Desemba, sijui atafika lini. Hilo ndilo ninaloliombea, nami nimeona ni heri niliseme wazi kuliko kulificha nyuma ya magamba.

Wako mtiifu,
J. Musembi.

* * *

Kitui,
12 Juni 1988

Musembi,

Hatujambo. Mvua ilikuja ikaondoka. Kunde zimeiva, mahindi hayakubeba. Mbuzi mmoja amezaa mapacha.

Nakala uliyompelekea Katibu wa Wazee ilifika karibu na Pasaka, ikalala katika kabati, na ikasomwa katika kikao cha tarehe 21 Mei. Hakuna aliyeniambia. Nilikwenda nikijua tutazungumzia mabati ya darasa la Shule ya Jumapili. Katibu akasimama akasoma: "Ombi la kuongeza jamii ya wanajoka."

Mzee Nzuki, ambaye hufanya mzaha bila kubadilisha uso, akaniuliza, "Mwalimu, hawa wanajoka wanaomba kuongezwa wapi? Katika ushirika?"

"Katika mchezo, Mzee."

"Wamebatizwa?"

Wengine hawakucheka. Mmoja alisema joka ni yule wa zamani, aliyetupwa chini, na hana mahali katika nyumba ya mzee wa kanisa hata kwa karatasi. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe katika chumba hicho hicho. Ndipo Mama Mbula, aliye mkubwa kwetu sote, akasema haiwezekani kuhukumu kitu ambacho hakijasomwa. Akaniagiza nilete kurasa nizisome.

Nilikwenda nyumbani nikazileta. Nikasoma zote sita. Nilipofika ukurasa wa tano nilisoma haya: "Mwanajoka hatoi pumzi ndani ya nyumba aliyolishwa. Akiitoa, pumzi humtoka kabisa, na haimrudii mpaka aombe radhi kwa wenye nyumba."

Mama Mbula akasema, "Huyu aliyeandika amelelewa na watu. Ni nani?"

Nikasema simjui.

Kikao kiliamua kwamba mchezo si jambo lake na kwamba karatasi zirudishwe kwa mwenyewe. Nimezirudisha katika droo yangu. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, na hilo nililolisema kuhusu kutomjua aliyeandika limeingizwa katika kumbukumbu za kikao kwa wino.

Siku nyingine ukitaka kunipeleka mbele ya wazee, nipeleke kwa miguu. Usinipeleke kwa nakala.

Ombi limeahirishwa. Tarehe sina.

E. Mutie.

* * *

Kilungu,
3 Julai 1988

Mjomba Mheshimiwa,

YAH: RADHI

Naomba radhi bila kujitetea kwa nakala ile. Nilijifunza uandishi wa kiofisi kwa kusoma barua za wengine, na kila barua niliyoiona ikifanikiwa ilikuwa na nakala chini. Nilidhani nakala huipa barua uzito. Sikujua kwamba uzito huo humwangukia mtu.

Mama alinisikiliza nikimsomea barua yako mpaka mwisho, akaomba nimrudie mahali pa Mama Mbula. Kisha akasema: "Mwandikie kaka yangu hivi. Mimi nilimbeba mgongoni hata alipojikojolea, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba simjui." Nimeandika kama alivyosema. Naomba usinihesabie mimi.

Mwangangi naye aliisoma. Sikupanga aisome, aliikuta juu ya mashine ya kuchapa. Alitoka nje akachanganya saruji ambayo haikuagizwa na mtu yeyote, na Muli akalazimika kutafuta cha kuijengea kabla haijaganda. Sasa kuku wa mama wana sakafu.

Kesho yake aliniuliza kama ulisoma kurasa zote sita au ulirukaruka. Nikamjibu kwamba kwa mujibu wa barua ulizisoma zote. Akauliza kama ulizisoma kwa sauti ile ya darasani. Hilo nakuachia wewe ulijibu.

Ombi letu halijaondolewa. Tunangoja.

Wako mtiifu,
J. Musembi.

* * *

Kitui,
25 Septemba 1988

Mpwa wangu,

Nimechelewa kukujibu. Hapakuwa na ugonjwa wala msiba. Mapacha wa mbuzi wanakua.

Tarehe 10 mwezi huu, wazee walipofika katika "Mengineyo", niliomba nafasi. Nikasema kwamba mtungaji wa zile kurasa ni mwanangu, kwamba niliposema simjui nilisema uongo, na kwamba daftari lake la kwanza nililichoma mimi. Nikaomba kumbukumbu zirekebishwe.

Mama Mbula akasema, "Tulijua, Mwalimu. Tulikuwa tunakungoja."

Mzee Nzuki akauliza kama sasa ubatizo unaweza kuendelea.

Nimesimamishwa kusoma Maandiko mbele ya watu kwa miezi mitatu. Ni haki.

Kuhusu ombi, nimeamua kama ifuatavyo. Kanuni ya 14 imefutwa, nami nimepiga mstari katika nakala zote nne zilizopo Kitui. Wanajoka wanaandikishwa kuwa jamii ya nne, kwa masharti ya pumzi na magamba kama yalivyorekebishwa na meza yenu. Abdulatif anapendekeza kwamba wa nyika wakitoa vumbi, vumbi hilo liwapofushe pia wenzao wasiposimama upande unakotoka upepo, nami naona ni pendekezo zuri. Katika nafasi ya ukoo nimeandika Atangwa. Ndio ukoo wangu na ndio wake, na sikuona mwingine wa kuandika.

Nilisoma kwa sauti ya darasani. Sina nyingine.

Mkutano wa meza zote mbili utakuwa tarehe 17 Desemba, nyumbani kwangu. Mwambie amealikwa. Mama wa nyumba hii ameshaanza kuchagua kunde.

Mjomba wako,
E. Mutie.

* * *

Kilungu,
16 Oktoba 1988

Mjomba Mheshimiwa,

YAH: UAMUZI WAKO WA TAREHE 25 SEPTEMBA

Uamuzi umepokelewa na kusomwa mezani huku wote tukiwa tumesimama, kwa pendekezo langu. Nzilani alisema nimezidi, lakini alisimama. Marekebisho ya Bw. Abdulatif kuhusu upepo yamekubaliwa. Mama ameacha kutaja mashahidi.

Ninalazimika hata hivyo kukuandikia jambo lisilonifurahisha. Nilipomaliza kusoma, Mwangangi aliichukua barua akaitazama pale palipoandikwa ukoo. Akasema, "Ni mwandiko wake." Kisha akakaa, tukacheza kama kawaida, na Mwanajoka wake akafunguliwa mlango katika mji wa tatu, baada ya kukataliwa katika miwili.

Jumatatu nilimuuliza kama nimkatie tiketi ya basi la tarehe 16 Desemba. Nanakili majibu yake bila kuyapamba:

"Mwambie baba ahsante. Nimefurahi, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Lakini Kitui siendi. Yeye amefuta kanuni, na kanuni zilikuwa zake kuzifuta. Mimi nikiketi katika kile chumba, mlango wa jikoni uko nyuma ya kiti changu. Nitakuwa ninarusha dadu huku nikisikiliza moto. Sitamchukia, ila sitacheza vizuri, na Januari nitaondoka nikiwa na hilo kichwani. Bora niondoke na hili la ukoo."

Nilimweleza kwamba kwa utaratibu, ombi likikubaliwa mwombaji huhudhuria. Akanijibu, "Musembi, hilo lilikuwa ombi lako."

Mjomba, nimeandikia watu maombi kwa miaka kumi na moja, na sina utaratibu ninaoujua kwa hali hii. Hakuna kanuni iliyobaki ya kuiombea ifutwe. Nakurudishia jambo hili likiwa halijakamilika, na ninaona aibu.

Hii haina nakala.

Mpwa wako,
Josephat.

* * *

Kitui,
6 Novemba 1988

Kwa Wachezaji wa Meza ya Kilungu,
kupitia kwa Msimulizi, Bw. Josephat Musembi.

Mabwana na Bibi Nzilani,

YAH: OMBI LA KURUHUSIWA KUKETI KATIKA MEZA YENU

Nawasalimu. Nyumbani kwangu sote tu wazima na mvua imeanza vizuri. Bw. Abdulatif na Bi. Hasina wanawasalimu pia, nao wamekubali kwamba mkutano wa tarehe 17 Desemba usifanyike Kitui, iwapo ombi hili litakubaliwa. Abdulatif alitaka kuja kuitazama barua hii kabla sijaituma, akiogopa kwamba nitaiandika kikali. Nimemwambia kwamba nimejifunza kutoka kwa mpwa wangu.

Mimi, Elijah Mutie, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, naandika kuomba nafasi ya mchezaji katika meza yenu, kuanzia tarehe hiyo na kwa siku zote mtakazoweza kunivumilia kabla ya mwisho wa mwaka.

Nataja mambo ambayo huenda yakanipinga, ili msiyagundue baadaye. Sijawahi kuwa mchezaji. Kwa miaka tisa nimekuwa Msimulizi, na mtu aliyezoea kuwaeleza wengine kinachowapata si mwepesi wa kungoja zamu yake. Huwa nawasahihisha watu wakiwa katikati ya sentensi. Sina shujaa. Niko tayari kupewa wa jamii yoyote, wa daraja la kwanza, na nikipewa Mwanajoka nitamcheza kama alivyoandikwa, maji na yote. Dadu yenu ya kuchonga nitaitumia bila kulalamika.

Mama Mwangangi atakuja pamoja nami. Yeye haombi kucheza. Anaomba kuketi mahali anapoweza kumwona mwanawe, na amesema chakula atapika kwa dada yangu, nje, juu ya mawe matatu, mbali na chumba cha mchezo.

Kwa Mwangangi nina neno moja ambalo halihusu kanuni, nami naomba asomewe na mpwa wangu au alisome mwenyewe. Daftari lile lilikuwa na kurasa thelathini na mbili. Nilizisoma zote kabla ya kulichoma, na zilikuwa nzuri. Nililichoma nikilijua hivyo. Sikuogopa joka. Niliogopa wazee watasema nini kuhusu nyumba yangu. Nimeandika hivi kwa sababu kwa miaka minne umekuwa ukidhani sikusoma.

Sidai kwamba unisamehe hili au ulisahau. Ukitaka tusemezane kupitia mashujaa pekee, na mchezo ukiisha kila mtu aende zake, nitakubali, na sitalalamika kwa mama yako wala kwa dada yangu.

Najua kwamba si desturi baba kuomba ruhusa ya kuketi na mwanawe. Nimelifikiria hilo kwa wiki mbili na bado naomba.

Basi la kwanza kutoka Kitui hujaa mapema mwezi wa Desemba, na tiketi hukatwa siku saba kabla. Kwa hiyo nawaomba mnijulishe kufikia tarehe 8 Desemba kama nimekubaliwa au nimekataliwa.

Wenu mtiifu,
Elijah Mutie.